Wati Tano za Papa Sumaili

Nilitoka Bunia kwa sababu ya ubishi. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiongea hewani, kwa alama za morse, na Papa Sumaili, fundi redio mstaafu wa Kisangani. Yeye hudai anatumia wati tano tu, nguvu ya taa ndogo ya chooni. Mimi natumia mia moja na watu hawanijibu. Kisha akanipa habari ya kusikitisha: mdogo wake anayeishi Barumbu, aliyekuwa akiumwa, huongea naye redioni kila Jumapili saa kumi alasiri, na sasa Jumapili tatu zimepita kimya. Simu za huko zilikuwa zimekatika. Nikafunga redio yangu kubwa na betri ya gari, nikaenda kumwokoa mzee.

Bafwasende, njiani, nilifika nimelowa tope hadi magotini. Dereva wa pikipiki aliilalamikia betri ile njia nzima, na alikuwa na haki.

Jumamosi jioni nikaingia Kisangani. Papa Sumaili aliutazama mzigo wangu. "Mwana, ulituletea mawe?" Redio yake inaenea kiganjani. Waya wake wa antena umefungwa kwenye mianzi, chini kiasi cha kunivua kofia.

Jumapili saa kumi niliita Barumbu kwa wati zote mia, robo saa bila kupumua. Hatukusikia kitu ila mlio mzito.

"Nguvu inafanya watu wakusikie," Papa alisema. "Masikio, haikupi." Kisha akaniuliza polepole, "Ile mlio, na weye unaisikia?"

"Nausikia, Papa. Ni mkubwa sana."

Akainamisha kichwa. "Mi nilizani ni uzee mu masikio. Niliona haya kusema."

Aliinuka, akachukua redio ndogo ya kusikilizia habari, akazunguka nayo uani. Kila alipokaribia ukuta wa Mama Bea, jirani anayeuza maji baridi, mlio uliongezeka. Mama Bea alikuwa amefunga sola mpya mwezi ule, pamoja na kifaa cha kugeuza umeme wake ili uendeshe friji.

"Mama, zima kidogo ile convertisseur."

"Na mayi yangu ya malili, Papa?"

"Dakika kumi tu. Niko natafuta ndugu yangu."

Akazima. Tulirudi kwenye redio ya Papa, na hewa ilikuwa safi. Aligonga jina la mdogo wake mara moja, akasubiri, macho ameyafumba. Niliona aibu kwa kelele zangu zote. Ndipo ikaja sauti nyembamba, na Papa akaandika kwa penseli, herufi moja moja: NILIPONA. NAKUSIKIA KILA DIMANCHE. NI WEYE HAUJIBU. UKO MUGONJWA?

Papa alicheka huku machozi yakimtoka. Akajibu: NIKO MUZIMA. NI FRIJI YA JIRANI.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi, kwani betri nilimwachia Papa. Kwa wati tano itamtosha siku nyingi. Njiani nilikiri moyoni kwamba miaka yote ile nilijua kugonga tu, na kusubiri sikujua.

Jumapili iliyofuata, nyumbani Bunia, nilipunguza nguvu hadi wati tano. Nikazima televisheni, chaja na friji. Mke wangu akatoka jikoni kuuliza kama umeme umekatika.

"Hapana," nilimwambia. "Namsikiliza mtu."