Jino la Kigego

Nilipokuwa mtoto, ndugu zangu walinitazama kinywani kabla ya kunisalimia. Meno yangu ya kwanza yalitokea juu badala ya chini, na kwetu mtoto wa namna hiyo ni kigego: ana nuksi, huwaletea kifo watu wa nyumba yake. Hayo nilikuja kuambiwa baadaye. Meno yenyewe yalipotoka nilikuwa mtu wa kubebwa tu, sina habari na yeyote.

Aliyeyaona wa kwanza ni Bibi, mama yake baba, huko kwetu Kabonga. Akasema nisilale chumba kimoja na kaka zangu. Mama akawa analia tu. Ndipo Shangazi Sifa, dada yake baba, mjane asiye na mtoto, alipopanda gari kutoka Rumonge kuja kunichukua. Wanasema alinifunua mdomo, akahesabu, akacheka.

"Iko na meno mbili tu, na munamuogopa hivi? Akimaliza yote, mutahama inchi?"

Akanifunga mgongoni, tukaondoka.

Kwake nililelewa vizuri. Alikuwa akinunua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa wavuvi asubuhi na kuwaanika mchangani, na nguo zake zilinukia samaki hata Jumapili kanisani. Namkumbuka mno. Siku hizi nikipita sokoni Bujumbura penye ndagala, nasimama na kujifanya nauliza bei. Sinunui, nataka ile harufu tu. Wauzaji wameshanizoea, nadhani wananihesabu kama mtu aliyepungukiwa na akili kidogo.

Nilipofika miaka saba, jino moja la juu likaanza kucheza. Wiki hiyohiyo Bibi alikuja kututembelea, nami nilimsikia uani akimwambia Shangazi kwamba jino la kwanza la kigego likitoka, huondoka na anayemlea. Shangazi akamjibu, "Ndiyo, Mama," akaendelea kuosha sahani. Bibi alirudi zake Kabonga, mimi nikabaki na jino langu.

Nilifanya kila nililoweza. Nilikunywa uji tu, na jino nikalisukuma kwa ulimi lirudi mahali pake. Lakini nilipokataa bugali na samaki mukeke wa kukaanga, chakula nilichokipenda kuliko vyote, Shangazi akajua kuna jambo.

"Fungua kinywa."

Nikatikisa kichwa.

"Weye, fungua!"

"Litatoka," nikasema, machozi yananitiririka. "Likitoka utakufa."

Nakumbuka alikuwa ameshika mwiko, akabaki ameushika kwa muda. Kisha akacheka kile kicheko chake cha kutikisa mabega.

"Nife sababu ya kajino kama punje ya muchele? Kesho tutakatoa. Kula sasa."

Kesho yake, alipomaliza kuanika ndagala, aliniita. Akanawa mikono, akafunga uzi kwenye jino, akavuta. Maumivu siyakumbuki, kwa sababu macho yangu yote yalikuwa kwake. Akalitupa jino ziwani, akarudi kugeuza ndagala. Siku nzima nilimfuata, mpaka mlangoni pa choo, nikibisha kila alipokawia.

"Shangazi, uko?"

"Niko!"

Hakufa. Aliishi mpaka akawabeba watoto wangu mgongoni.

Basi nikakua nikijua kwamba shangazi yangu haogopi mambo hayo. Nikawa mwalimu, na wanafunzi wakinijia na habari za nuksi, niliwasimulia Shangazi Sifa alivyowacheka wazee wote. Nilijivunia hilo kuliko diploma yangu.

Mwaka jana kifua kilimbana, akafariki. Kwenye matanga, Mama Neema, aliyekuwa akianika ndagala pamoja naye tangu ujana wao, alikuja kukaa nami mkekani. Nikamsimulia habari ya jino, nacheka huku nalia. Yeye hakucheka.

"Unawaza hakuogopa?" akaniuliza. "Alikuwa anaamini hayo mambo kushinda hata bibi yako. Ile jioni alikuja kwangu na vitenge vyake vyote na ufunguo ya nyumba. Akaniambia, 'Kesho niko natoa mutoto jino. Nikifa, akae kwako. Musimurudishe Kabonga, watamutesa.' Nikamuambia, basi acha, litatoka lenyewe. Akasema, 'Mama Neema, mutoto hakule. Iko anaogopa peke yake.'"

Siku tatu nzima nilikuwa nimemlilia mwanamke asiyeogopa kitu. Pale mkekani nikaanza upya, nikimlilia huyu mwingine, aliyeamka asubuhi akiamini kwamba ni siku yake ya mwisho, akaanika ndagala wake, kisha akaniita.