Kichwa cha Gia

Baba alipofuka macho aliomba kitu kimoja tu: aketi tena ndani ya gari lake, apelekwe mpaka Sotik na kurudi. Hakuomba kuendesha. Presha ya macho ilikuwa imemaliza jicho la kulia, kisha la kushoto, na daktari wa Longisa alikuwa amemwambia waziwazi kwamba moyo nao umechoka. Siku hiyo nilimrudisha nyumbani. Tulipofika langoni ndipo akasema, "Mama, ile gari yangu inaweza kuamka?"

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Mtu akikuita hivyo tangu utotoni, huwezi kumkatalia. Nikamwambia inaweza.

Gari lilikuwa la Kifaransa, refu kwa nyuma, na mkono wake wa gia ulitokea kando ya usukani. Lilikuwa limelala miaka kumi na mmoja kwenye banda karibu na ng'ombe, na kuku walitagia kiti cha nyuma. Zamani lilikuwa gari pekee kwenye kilima chetu. Wajawazito wengi walifikishwa hospitali ya Kapkatet nalo, wakati mwingine juu ya magunia ya mahindi. Siku ya koito ya kaka yangu, tulipokwenda kumposea mke, wakwe walitupa kibuyu cha mursik turudi nacho, na kwenye mashimo ya barabara kikapasuka. Harufu ya maziwa lala na mkaa haikutoka tena. Wageni wakikunja pua, baba aliwaambia, "Hiyo ni harufu ya wakwe, zoeeni."

Kaka zangu wako Nairobi. Walisema gari liuzwe kama vyuma chakavu. Mimi nafundisha kemia katika shule ya kutwa, na nina ugonjwa wa kutopenda kuambiwa kitu hakiwezekani. Nikajiunga na kikundi cha WhatsApp cha wapenzi wa magari ya zamani. Waliniita "bro" wiki mbili nzima, mpaka nilipotuma ujumbe wa sauti. Robo saa baadaye mmoja akaandika, "Karibu, madam."

Aliyenisaidia zaidi alikuwa mzee mmoja wa Sotik, fundi mstaafu wa karakana ya shamba kubwa la chai. Alikuja Jumamosi ya kwanza na begi la spana, akalizunguka gari mara mbili, akanipa sheria ya kikundi. "Madam, hii gari usiweke kitu ya kubahatisha. Rudisha vile ilitoka factory. Original tu."

Injini iliamka mwezi wa tatu wa kazi. Ilikohoa mara mbili, ikanyamaza, ikakohoa tena, ndipo ikashika, kama ilivyofanya kila asubuhi ya utoto wangu. Baba alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni mwa banda, mahali alipokaa kila jioni akisikiliza vyuma. Akasimama, akashika nguzo, machozi yakamtoka bila aibu.

"Ni yeye," akasema. "Twende."

Nikamwambia bado. Niliona bodi yenye kutu, ekzosi iliyounganishwa kwa bomba la maji, kiti cha dereva kilichofunikwa ngozi ya ndama. Ningempelekaje baba yangu mjini na gari kama lile? Nilituma video kwa kikundi, nao wakaniambia haraka haraka haina baraka. Nikakubaliana nao upesi, kwa sababu ndicho nilichotaka kusikia.

Basi nikaendelea miezi kumi na mmoja. Ekzosi mpya ilitoka Nairobi. Kabureta ilifunguliwa na kusafishwa mpaka kikohozi kikaisha. Zulia nililing'oa, nikasugua sakafu kwa siki na magadi, nikaanika viti juani, na harufu ya wakwe ikatoka yote. Nilijivunia hilo kuliko kazi nyingine yoyote, maana ilikuwa kemia yangu mwenyewe. Ngozi ya ndama nilimpa mbwa alalie. Kila picha niliyotuma ilimwagiwa sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa sana.

Mwisho kabisa kilibaki kichwa cha gia, yaani kile kidude cha mwisho wa mkono wa gia ambacho dereva hukumbatia kwa kiganja. Cha kiwandani kilivunjika kabla sijazaliwa. Baba alichonga kingine kwa mti wa mzeituni mwitu, na miaka ya kiganja chake ilikuwa imekipa bonde dogo upande mmoja. Mwanachama mmoja alinitafutia cha asili, cheusi, chenye namba za gia. Kile cha mti nilikitupa jikoni pamoja na vipande vya mbao, na chai ya saa nne ya baba ikachemka juu yake. Aliinywa akiniuliza, kama kila wiki, "Imefika wapi?" Nikamwambia imeisha.

Wakati huo alikuwa amelazwa mara mbili, na kutoka kitandani mpaka uani alipumzika njiani. Siku yenyewe alivaa koti la kanisani na kofia. Nilimfungulia mlango wa mbele, akaingia taratibu, akakaa. Akanusa. Akapapasa kiti, kisha mkono wake ukavuka kutafuta gia. Ulipoifikia ulitulia, halafu ukarudi kwenye goti.

"Hii gari ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, baba."

Akatabasamu kwa adabu. Nikawasha. Injini ilishika mara moja, laini, bila kukohoa hata kidogo. Tukateremka katikati ya chai, wachumaji wakatupungia mikono, nami nikamweleza kila nilichobadilisha na sababu yake. Nilieleza sana, kama ninavyofanya darasani nikiona hawajaelewa. Nilimweleza hata habari ya kile kichwa cha mti, ila sikusema kiliishia wapi. Alisikiliza mpaka mwisho. Sotik nilimnunulia soda, tukageuka.

Tuliporudi uani hakushuka mara moja.

"Mwambie mwenye gari asante, Mungu ambariki," akasema. "Gari nzuri sana. Lakini mama, yangu ikikataa kupona, wewe niambie tu. Sitakasirika. Hata mimi nimekataa kupona."

Nilitaka kumwapia. Lakini angeniamini kwa lipi? Kila kitu ambacho mikono yake ingekitambua nilikuwa nimekitoa mimi, kimoja kimoja, kwa upendo. Nilimshika mkono, nikamwingiza ndani.

Jioni zilizofuata alirudi kwenye kigoda chake mlangoni mwa banda. Aliniuliza mara mbili tu, "Imefika wapi?" na mara zote mbili nikajibu bado kidogo, kwa sababu hilo ndilo jibu pekee aliloweza kuliamini. Alifariki kabla mvua hazijakwisha, akingojea gari lililokuwa limeegeshwa hatua tano nyuma yake. Najuta, na sitafuti mtu wa kuniambia nisijute.

Kikundi kilikuja mazishini na magari tisa, yameoshwa vizuri. Baada ya chakula walilizunguka letu wakipiga picha. Mzee wa Sotik alifungua mlango, akaketi, akaweka kiganja juu ya kile kichwa cheusi cha gia.

"Madam, umeheshimu mzee," akasema. "Hii ndio gari ya baba yako kabisa."

Nikamwambia asante, nikaenda kuwamiminia wageni chai.