Mwalimu Mwenye Mashine ya Kadi

Siku ile siisahau, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi mchana, Oktoba inaishia, nami nimekaa sakafuni kwenye besimenti, chumba cha chini ya ardhi, cha nyumba moja Richmond Hill, huku Kanada, mapazia yamefungwa, mkononi nimefungwa uzi mwekundu. Nyuma ya mgongo wangu sauti ya mwanamke mzee ikasema kwa Kiswahili cha Tanga, taratibu, kama mtu aliyetoka kuamka: "Mwanahawa. Mwanahawa, mwanangu, mbona hukuja kunizika?"

Nililia mpaka nikajikojolea. Sioni haya kuliandika. Mama yangu alikuwa ameshazikwa miezi mingi, na mle ndani hapakuwa na mwingine anayejua Kiswahili ila Salma. Na Salma alikuwa amekaa mbele yangu, kanishika mikono, mdomo kaufumba.

Rowena, mwalimu wetu, akawasha taa. "Amekuja," akasema. "Sasa kumrudisha kuna ada yake."

Nikamwambia sina, nimemaliza. Akainama, akauzima mshumaa kwa vidole. "Basi ataondoka na wewe."

Ngoja nirudi nyuma, uone nilifikaje pale. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Ninyi mliokulia huku, tunaowasemesha Kiswahili mkatujibu Kiingereza, pakiwashinda mwambieni mzazi awasomee.

Mama alifariki Tanga makaratasi yangu ya kukaa Kanada yakiwa bado hayajatoka. Nikitoka, sirudi. Nikamzika kwa simu. Kaka yangu aliishika simu juu ya kaburi, nikasikia mchanga unavyoanguka, kisha mtandao ukakatika. Hitima tuliisoma kwenye fleti yangu hapa North York. Watu wakala, wakaomba dua, wakaondoka. Akabaki Salma kuniosha vyombo.

Salma ni wa Mississauga. Wazazi wake ni watu wa kwetu, yeye kaja huku hajajua hata kutembea. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

"Dada Mwana," akaniambia, mikono ina povu, "wewe huzuni itakuua. Kuna mwalimu namjua, anafundisha Wika."

"Wika ndiyo nini?"

"Dini ya wazungu, wanasema ya zamani. Wanauheshimu mwezi, ardhi, na wafu wao. Wenyewe wanajiita wachawi, lakini siyo wachawi wa kwenu wale wa kupanda ungo."

"Wa kwetu? Na wewe wa wapi, Salma?"

Akacheka. "Mimi wa Mississauga, dada."

Nikaenda. Sasa kwetu huendi kwa mwenye elimu mikono mitupu. Unafunga chochote kwenye leso, unampa bila kutaja kiasi, naye anapokea bila kuangalia. Tunauita ubani, hata kama ndani hamna ubani. Rowena aliifungua leso mbele ya macho yangu, akahesabu, akanirudishia. "Hapa kuna bei," akasema. Na kweli, juu ya meza yao ya ibada, kati ya kisu chenye mpini mweusi na bakuli la chumvi, ilikuwepo mashine ya kupitishia kadi.

Somo la kwanza lina bei yake. Kuingizwa kwenye duara lao la ibada, bei. Daraja la pili, bei kubwa zaidi. Na kila tukimaliza alinishika bega akaniambia mama yuko karibu sana, ila mlango wake uko kwenye somo linalofuata. Asubuhi nilisafisha nyumba ya wazee, jioni ofisi za watu, na jasho lote likaingia kwenye ile mashine, ikilia kamlio kake kadogo. Salma, nilikuja kujua baadaye, alisoma bure kwa kila mtu aliyempeleka.

Baada ya Jumamosi ile sauti haikusema tena. Lakini nikiswali nyumbani peke yangu, nikimaliza dua, nasikia mtu nyuma yangu anaitikia: "Amina." Inachelewa kidogo, kama ya mtu anayejifunza neno. Nageuka. Hakuna kitu, koti langu tu na viatu vya theluji mlangoni.

Aliyenifumbua macho ni Bi Doreen, bibi mmoja wa pale kwenye nyumba ya wazee. Nilikuwa napiga deki chumbani kwake, akanidaka mkono.

"Nani kakufunga uzi huu?"

"Mwalimu wangu wa Wika," nikamjibu kwa Kiingereza changu cha ndoo na fagio.

"Na mimi ni wa Wika, tangu wewe hujazaliwa. Ulimlipa?"

"Nililipa."

Akauachia mkono kama ameshika sufuria ya moto. "Sisi tulifundishwa jikoni kwa mwalimu wetu. Mshumaa tulichangia, mkate tulichangia, akija kutoka mbali nauli tulimpa. Lakini kuingizwa kwenye duara hakuuzwi. Mwalimu akishautilia mlango bei, kila ukifungua mmoja utakuta ameshajenga mwingine. Na wewe mtu mzima mzima, unalipa ili utishwe?"

Nikapandwa na hasira. "Nilimsikia mama yangu!"

"Alikuitaje?"

"Aliniita Mwanahawa."

Nilipolitamka lile jina mwenyewe, ndipo nikalisikia. Mwanangu, Mwanahawa ni jina la bibi yangu mzaa baba, nikarithishwa mimi. Na nyumbani kwetu mwanamke halitaji jina la mkwewe, ni kumvunjia heshima. Mama yangu, tangu kunizaa mpaka kukata roho, hajaniita hivyo hata mara moja. Aliniita Mkwe. "Mkwe, njoo ule." "Mkwe, funga dirisha." Salma, aliyelelewa huku, hilo hakulijua. Alijua jina la kwenye pasipoti tu. Nami siku ile, kwa uchungu niliokuwa nao, nilitaka kuitwa, basi. Sikuangalia ninaitwaje.

Bi Doreen aliukata uzi kwa mkasi wake wa kucha. Nikaingiza mkono mfukoni nimpe chochote. "Maliza kupiga deki," akasema, akageukia ukutani.

Uzi ulikatika. Amina haikukatika. Siku hizi inakuja kabla dua haijaisha.

Basi nisikilize, mwanangu. Sikukatazi kumpa mwalimu. Naye anakula, naye analipa kodi ya nyumba. Mpe nauli, mchangie chumba na mshumaa, na umpe kwa hiari yako, kiasi chako. Lakini siku ya kwanza kabisa muulize: nikiishiwa, utaniacha wapi? Akikujibu kwa kukutia hofu, vaa viatu uondoke. Awe wa Wika, awe wa msikitini, awe wa kanisani, awe yule mganga wa kwenye simu. Na msiba wako usiupeleke kwa mtu mpaka umeona anawatendeaje wasio na kitu.

Mungu akupe walimu wanaokufundisha huku unacheka. Akupe nafasi ya kuwazika wako kwa mikono yako. Wafu wako walale, na nyumba yako iwe na watu unaowajua tu. Amina.

Lakini wewe Rowena wa Richmond Hill, na wewe Salma wa Mississauga, dua hii si yenu. Ninyi nawadai jibu. Kama ulikuwa mchezo, semeni mlimkodi nani, mwanamke gani wa Tanga aliyekubali kusimama nyuma yangu na kuniuliza habari ya maziko. Na kama haukuwa mchezo, mlimwita nani? Maana mama yangu siye, na aliyekuja hajaondoka. Njooni North York mchana kweupe, muingie ndani kwangu, mmwambie atoke. Bure.