Sukari Kwenye Kofia za Sufu

Kuna mtaa mmoja pale Kariakoo ambao mpaka leo nikiupita najifunga mtandio hadi kwenye nyusi, nainamisha kichwa na kuongeza mwendo kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka nyumbani, na bado hakosekani kijana wa kumgusa mwenzake na kusema, "Huyo si yule dada?" Ndiyo, ni mimi yule dada. Nimeona afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaikuta ile video kwenye simu ya mtu (ambayo, kwa taarifa yenu, imepigwa kutoka upande mbaya, kuna sehemu naonekana kama nacheza ngoma, na sikuwa nacheza).

Mimi nafuma. Nilianza na vitambaa vya makochi, kama binti yeyote aliyelelewa na mama yangu pale Magomeni, halafu nikahamia kwenye kofia, na kofia zikanichukua mzima mzima. Sufu ina namna yake ya kupita kwenye vidole, laini, ya uvuguvugu, kama habari njema inayokuja taratibu, na kipupwe kinapoingia, ule mwezi wa sita ambapo sisi watu wa Dar tunavaa majaketi kwa upepo ambao mtu wa Moshi angeufungulia dirisha, mimi hapo ndipo ninapopata wazimu wangu wa mwaka. Mwaka huo nilifuma kofia dazeni nzima, nyekundu, bluu ya bahari, kijani ya majani ya mgomba, kila moja na ukingo mpana na ua la waridi pembeni, na nilikuwa na ndoto moja tu: Mama Aika azichukue.

Mama Aika ni mama wa Kichaga, kwao Marangu, ana duka la jumla la nyuzi na nguo za baridi hapo Kariakoo, na kila msimu wa baridi anapakia mzigo kwenye basi kwenda Moshi na Arusha. Kitu akikikubali yeye kinavaliwa mpaka Rombo. Nilikuwa nimeshamfuata dukani mara kadhaa, na kila mara ananitazama juu ya miwani yake na kusema, "Nitakupigia, binti." Mimi narudi nyumbani nakaa na simu kama kuku na yai.

Sasa Alhamisi moja mchana nimekaa kwenye kigoda kwa jirani yetu Mama Shani, msusi, upande wa kulia wa kichwa umeshasukwa rasta ndogondogo za kupendeza, upande wa kushoto nywele zimesimama zinangoja zamu yao, simu ikaita.

"Wewe binti wa kofia."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Basi la mzigo linaondoka kesho jioni. Asubuhi uniletee nizione. Nikizipenda, zinapanda." Akakata.

Nilisimama hapo hapo, kitana bado kimening'inia kichwani. Mama Shani akaniuliza, "Unaenda wapi na nusu kichwa?"

"Nitavaa kofia," nikamjibu, nikiwa nimeshafika mlangoni.

Mnisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipokosea, na lilikuwa kosa dogo, la ukubwa wa kijiko. Kofia zilikuwa tayari zimefuliwa, safi, lakini kingo zake pana zilikuwa zimelala kama masikio ya mbuzi mgonjwa, na nyinyi mnajua kwetu kitu cha kufuma hakitoki nje bila kutiwa wanga; kitambaa cha kochi ambacho marinda yake hayajasimama ni aibu ya mwenye nyumba. Mama huwa anapika uji mwepesi wa unga wa mhogo, anachovya, anakunja marinda kwa vidole, anaanika. Nikafungua kabati, unga wa mhogo umeisha. Nikaenda dukani kwa jirani, ana kila kitu ila huo. Nikarudi, nikafungua kabati tena (kana kwamba ungekuwa umerudi), na macho yangu yakatua kwenye pakiti ya sukari. Niliwahi kuwasikia wafumaji wenzangu wakisema sukari inakaza kuliko wanga wowote. Nikaona, kumbe jibu nilikuwa nalo ndani.

Nikaichemsha ikawa nzito, nikaiacha ipoe, nikachovya kofia moja moja, nikazivalisha kwenye mabakuli na masufuria yaliyofudikizwa pale uani, nikazipanga juani. Jua lilipoanza kuinama zilikuwa zimesimama wima, kingo zimekaza, mawaridi yamefumbua macho, uani kwetu pamekuwa bustani. Mama akatoka jikoni, akagusa ukingo mmoja, akalamba kidole.

"Hii ni kofia au kashata?"

"Mama, hii ni sanaa."

"Haya. Sisimizi nao wanapenda sanaa."

Na kweli asubuhi nilikuta mstari wa sisimizi unatoka dirishani mpaka kwenye meza. Mtu mwenye akili angeketi akatafakari. Mimi niliwapangusa kwa kitambaa huku naimba, nikatia kofia kumi na moja kwenye mfuko wangu wa shangazi kaja, na ile ya kumi na mbili, nyekundu, yenye waridi la njano kubwa kama ngumi, nikaivaa. Ilinifichia nusu kichwa changu, na tena ilikuwa tangazo. Nikachukua bajaji. Upepo wa Jangwani ulinipiga mpaka machozi yakanitoka, lakini kofia haikutikisika hata kidogo. Nilikuwa nimeshaziona kofia zangu ziko Marangu, kwenye vichwa vya watu nisiowajua, kanisani, sokoni, ukungu unashuka.

Nilifika mapema, na hatua chache kabla ya duka la Mama Aika kuna kaka mmoja anakamua juisi ya miwa. Nikasema ninywe glasi moja niingie mle nikiwa mtulivu kama mfanyabiashara. Kwenye mashine za miwa nyuki hawakosi, wanazunguka zunguka, muuzaji na wao wamezoeana. Nikapokea glasi, nikanywa funda la kwanza.

"Dada, una mgeni kichwani," akasema yule kaka.

Nyuki mmoja alikuwa ametua kwenye waridi. Nikatabasamu (ndiyo, nilitabasamu, msinicheke). Nikamwambia, "Unaona? Hata nyuki kaamini ni ua la kweli."

"Hapo wametua wengine, dada. Naona ni ukoo."

Kisha nyuki wote wa ile mashine wakafanya uamuzi. Waliiacha miwa kama watu wanavyouacha msiba wenye chai wakisikia jirani kuna pilau. Masikio yangu yakajaa mvumo, na kwa pembe ya jicho nikaona ukingo wangu mwekundu unabadilika kuwa wa kahawia, tena kahawia inayotembea.

"Vua kofia, dada."

"Sivui."

"Vua bwana, watakuuma."

"Kaka, nimeshasema sivui."

Maana nitamwelezaje mtu baki habari za upande wa kushoto? Watu wakaanza kusogea, halafu wakaanza kurudi nyuma, halafu wakasimama kwenye ule umbali ambao mtu anaona vizuri bila kuumwa, simu juu. Mama mmoja anayeuza mitumba akasema, "Mwacheni, pengine kafungwa masharti na mganga wake." Mwingine akaniambia nisimame tuli, mwingine akaniambia nikimbie, na mimi kwa kuwa ni msikivu nikafanya yote mawili, nasimama, nakimbia, nasimama (hiyo ndiyo sehemu ya ngoma). Mfuko nao ulikuwa umeshapata wageni wake.

Yule kaka wa miwa ana moyo mzuri, Mungu amlipe, alinyakua ndoo yake akanifuata akanimwagia maji yote kichwani. Bahati mbaya yalikuwa ni yale maji ya kusuuzia glasi na miwa tangu alfajiri. Sasa nikawa sukari juu ya sukari. Ukingo ukaanza kulainika, ukashuka, na shira ikatiririka puani, kwenye mashavu, ikaingia ndani ya kola, na nyuki mmoja akaja kuionja akaukuta mdomo wangu wa juu. Hapo sikungoja ushauri. Nilikimbia na mfuko wangu hadi ndani ya duka la Mama Aika, na wateja wake wakatoka kwa mlango ule ule niliouingilia mimi, wote kwa pamoja.

Mama Aika alikuwa amekaa katikati ya marobota ya nyuzi. Hakuinuka. Alinitazama juu ya miwani.

"Shikamoo mama," nikasema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba. Usirushe mikono. Baba yangu alikuwa na mizinga, hawa hawapendi fujo. Kaa chini."

Nikakaa sakafuni. Akaja taratibu, akachukua mita yake ya mbao ya kupimia vitambaa, akaipitisha chini ya ukingo, na kwa utulivu wa mtu anayeepua chapati akainyanyua kofia kutoka kichwani kwangu pamoja na nyuki wake wote. Nywele zangu zikabaki hadharani, kulia rasta, kushoto msitu. Kule nje nikasikia mtu mmoja akisema, kwa sauti ya huruma kabisa, "Alaa, kumbe ndiyo maana." Mama Aika akaitundika ile kofia kwenye chuma cha mlango wake, nyuki wakaifuata, akaburuta na mfuko wangu akauweka hapo chini yake. Basi kofia yangu ikaning'inia mlangoni kwake, inavuma, na mtaa mzima umejipanga kuitazama. Tangazo nililolitaka nikawa nimelipata.

Akanitupia blanketi la Kimasai nijifunike kichwa. Mdomo wangu wa juu ulikuwa umeshafika puani. Nikaona kama ni kufa, nife nimejieleza.

"Mama," nikasema kupitia ule mdomo, "hizi kofia ni za sufu nzuri, nimezifuma kwa mkono, baridi haiingii."

"Nilikuuliza?"

"Hapana, mama."

Alizitazama kofia kule mlangoni, nami nilimtazama yeye, na kilichoniuma sasa hawakuwa nyuki tena bali saa ya ukutani, maana basi lilikuwa linaondoka jioni. Nyuki walipoanza kupungua akaufungua mfuko kwa ncha ya mita, akachomoa kofia moja ya kijani, akaminya ukingo. Ukavunjika, kwa! kama biskuti. Vipande vya sukari vikamwangukia mapajani.

"Ni nani aliyekwambia mtu wa Marangu anataka kofia ya kusimama?"

Kusema kweli hakuna aliyeniambia.

"Mtu wa kule anaivuta mpaka masikioni. Anailalia. Asubuhi anaikunja anaitia mfukoni anaenda kukata majani ya ng'ombe. Wewe umenitengenezea sahani." Akanionesha mlango wa nyuma. "Bomba liko kule. Maji ya baridi, usisugue, usikamue kwa kunyonga kama dekio. Fua hii moja nione."

Nikaifua. Nikaiminya kwa viganja, nikaikunja ndani ya taulo nikaikandamiza mpaka ikaacha kudondosha, nikamletea, imenywea, haina ukingo wala fahari. Mama Aika akavua kilemba chake, akaivuta ile kofia mbichi mpaka ikameza masikio yake yote mawili, akajitazama kwenye kioo cha dukani, akageuza shingo huku, akageuza kule. Akafumba macho kidogo. Sijawahi kuuona uso wake ukiwa laini namna ile.

"Hii ndiyo," akasema. "Zifue zote. Nikiona sisimizi hata mmoja, zinarudi Magomeni."

Siku hiyo nilipanda mpaka juu kabisa ya ghorofa lenye duka la Mama Aika, pale wanapoanika nguo, nikatandika khanga nikazilaza kofia zangu kwenye upepo wa kipupwe, moja baada ya nyingine, bila kuzitundika ili zisirefuke, nikazilinda kwa mwavuli mkononi na blanketi kichwani. Kutoka maghorofa ya jirani watu walinipungia mikono. Wengine walikuwa wameshaiona video. Lakini chini yangu Kariakoo nzima ilikuwa inachemka, mikokoteni, honi, vipaza sauti, na mbele yangu zile rangi zangu zikikauka taratibu na kulainika, na mimi na mdomo wangu mkubwa nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuiombea msamaha.

Jioni zikapanda basi. Ile nyekundu haikwenda, nyuki walikuwa wameimaliza. Wiki iliyofuata Mama Aika akanitumia picha, mama mmoja wa Marangu asiyenijua yuko mlangoni kwake, kofia yangu ya bluu kaivuta mpaka kwenye nyusi, lile waridi nililolihangaikia limekunjwa ndani halionekani kabisa, na anacheka. Chini yake ameandika, "Leta nyingine. Bila ua."

Basi nimejifunza kuuliza kwanza kichwa kinataka nini kabla sijakifumia, na nimeapa, mbele ya Mama, Mama Shani (aliyenimalizia kichwa huku mabega yake yanatikisika kwa kicheko) na Mungu, kwamba sukari yangu kuanzia siku ile ni ya chai tu, na hata hiyo chai nainywea ndani.