Maji Yaliyogoma Kufika Mia

Tulipoingia kidato cha tatu, mwalimu wetu wa fizikia alihamishwa na hakuletwa mwingine. Mkuu wa shule akampa vipindi vyake mwalimu wa Kiswahili, mama wa makamo aliyekuwa akipanda mlima kuja kwetu Uru kila asubuhi kutoka Rau, kule chini. Tulimwita Madam. Hakutuficha kitu. Siku ya kwanza aliweka kitabu mezani, akasema, "Fizikia niliiacha nikiwa mdogo kama nyinyi, na yenyewe haikunitafuta. Lakini kitabu kinajua. Tutakwenda nacho."

Tulicheka. Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo silifuti hata leo. Kwenye kipindi cha Kiswahili angeweza kukufanya upende shairi hata kama umeshinda na njaa. Basi na fizikia akatufundisha hivyohivyo: maana za maneno, kwa Kiingereza, tunaitikia kwa pamoja mstari kwa mstari mpaka zinakaa kichwani. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Nilitaka kwenda chuo cha utabibu, na chuo kilitaka nifaulu baiolojia, kemia na fizikia. Nyumbani walijua wote, na majirani pia, maana mama yangu hakuwa mtu wa kukaa na habari.

Maabara ilijengwa na wazazi kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo asiyetokea hufuatwa mpaka kihambani kwake, kwenye migomba. Akina mama walibeba mawe, wanaume wakachanganya saruji. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kufanya jaribio tuliingia kwa heshima kama tunaingia kanisani. Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi: chemsha maji, soma kipimajoto. Kitabu kilisema maji huchemka kwa nyuzi mia moja.

Yetu yalichemka kwa tisini na tano. Yalitokota, mvuke ukajaa chumba, na kipimajoto kikakaa palepale. Madam akaongeza moto. Tisini na tano. Akasema vipimajoto vimechoka. Baada ya muda shule ikapata vipya, vikatolewa kwenye maboksi mbele yetu. Tisini na tano.

Hapo ndipo tulipoanza kusaidiana kukosea. Mmoja akasema tatizo ni maji. Tulikuwa tunachota kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili unaoleta maji kutoka juu mlimani, na kila mtu huku anajua maji yale ni baridi mpaka yanauma meno. Tukakubaliana kwamba maji yenye asili ya baridi namna ile hayawezi kupata moto kamili. Niliamini kabisa. Nilipomweleza mama jioni akasema, "Ni kweli mwanangu, hata chai ya maji ya mfongo inachelewa." Kesho yake Madam akaja na dumu la maji ya bomba kutoka kwake Rau. Alilibeba mwenyewe, na njia ile ni mlima mtupu.

Yakachemka kwa tisini na tano.

Alikaa kwenye kiti, jasho linamtoka. Nilimhurumia. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Madam, labda huku kwetu maji yanachemka tofauti?"

Akakivuta kitabu karibu. "Inawezekana," akasema. "Lakini mtihani hautungwi Uru. Andikeni mia."

Tukaandika mia. Tulifanya hivyo kwa kila kitu kuanzia siku hiyo: tukipima, tunafungua kitabu, tunaandika cha kitabu. Mwaka uliofuata, kwenye mtihani wa taifa, tulipewa maji ya moto tuyaache yapoe na kusoma nyuzi zake kila baada ya muda. Mimi nikaanzia mia kama nilivyozoea. Namba iliyofuata ikawa mbali mno, grafu ikavunjika, nikaanza kurekebisha namba nyingine zote zifanane na ule uongo wa kwanza. Kengele ilipolia nilikuwa bado nafuta.

Nikapata sifuri ya fizikia. Baiolojia na kemia nilifaulu vizuri, lakini chuo hakikutaka mawili.

Baadaye shule ikaletewa kijana aliyesomea fizikia. Mdogo wangu wa kike, aliyenifuata shuleni pale, akarudi nyumbani siku moja, akakaa tumenye ndizi, akasema kama mtu anayetaja bei ya sukari, "Dada, kumbe huku juu hewa haikandamizi sana kama kule pwani, ndiyo maana maji yanachemka kabla ya mia. Mwalimu katuambia tuandike tunachokiona." Nikaendelea kumenya. Nilingoja uchungu uje, haukuja. Haujaja mpaka leo, na wakati mwingine nautamani.

Watu husema mwalimu mzuri anaweza kufundisha chochote akipewa kitabu. Madam alikuwa mzuri, na alibeba lile dumu. Ila ambaye hakulisoma somo hawezi kujua kwamba kitabu na kipimajoto vyote viwili vinaweza kuwa vinasema kweli.

Mdogo wangu sasa ni tabibu katika zahanati ya huku kwetu. Mimi nauza chakula cha kuku na dawa za ng'ombe kule chini mjini, Njoro. Jumapili moja nilipanda nyumbani, mimi naye tukakutana na Madam nje ya kanisa baada ya misa. Amestaafu, anatembea polepole. Tulimpa shikamoo. Akamkumbatia mdogo wangu, akawaambia waliokuwa karibu, "Huyu daktari ni wangu, nimemfundisha mimi." Ni kweli, alimfundisha Kiswahili.

Kisha akanishika mkono, akanitazama kwa upendo ambao sikuwa na mahali pa kuuweka. "Na wewe ndiye uliyekuwa na akili kuliko huyu," akasema. "Ungekuwa mbali. Kosa lako, mwanangu, hukuipenda fizikia."

Mdogo wangu alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Ndiyo, Madam," nikasema, nikamshikia mkoba mpaka barabarani.