Nusu ya Sahani ya Shemeji

Wanaonijua hapa Bukoba wanajua kwamba mimi na safari hatuelewani. Natengeneza redio kwenye kibaraza changu, na mwendo wangu wa kila siku unaanzia kitandani na kuishia kwenye meza ya kazi, hatua kumi na nne, kumi na saba nikipitia jikoni. Kwa hiyo Jumapili ile dada yangu Zaina aliponipigia simu kutoka Kampala kwamba mume wake, Siraje, amepatwa na kiharusi tangu jana yake, la kwanza nililosema ni pole. La pili ni kwamba nitamwombea dua nikiwa hapahapa.

"Dua utaomba ndani ya basi," akasema Dada, akakata simu.

Nilifunga begi la siku tatu. Siku tatu niliona zinamtosha mgonjwa yeyote mwenye adabu.

Jumatatu alfajiri nilikuwa stendi. Abiria wenzangu walikuwa na vikapu na mipango. Mimi nilikuwa na chupa ya chai na kinyongo. Mpakani Mutukula ofisa wa Uganda akaniuliza nakwenda kufanya nini. Nikamwambia kumwona shemeji. Akaniuliza nitakaa siku ngapi, nikasema tatu. Akanitazama kama mtu anayemjua shemeji kuliko mimi, akagonga muhuri wa siku nyingi zaidi.

Baada ya Masaka nilijiandaa kuuona mstari wa Ikweta, maana majirani wangeniuliza. Naomba niseme ukweli: niliuvuka nimelala mdomo wazi. Nusu moja ya dunia niliiacha bila kuaga na nyingine nikaingia bila hodi.

Saa tisa na nusu tukafika Nateete, magharibi mwa jiji, na hapo nikateremka. Stendi ya pale ndipo anapofanyia kazi shemeji yangu. Ni dereva wa takisi, kama wenzetu wanavyoziita zile Haisi zao za abiria, karibu miaka ishirini sasa. Nikapanda bodaboda kwenda hospitali. Wengine watawaandikia jinsi Kampala inavyopendeza juu ya vilima vyake. Mimi nilifumbua macho mara moja tu, tukipita Kasubi, nikaona mbuzi amepakiwa kwenye pikipiki iliyokuwa kando yetu. Alikuwa ametulia kuliko mimi.

Wodini nilimkuta Siraje amekaa kitandani, anacheka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito kidogo na mguu unaburuta kidogo. Basi.

"Shemeji! Kumbe Bukoba iko na mulango? Mimi nilifikiri walikufungia ndani!"

"Walinifungulia kwa ajili yako. Unajisikiaje?"

"Mimi hapana mugonjwa. Kesho kutwa natoka. Wiki kesho niko kwa gali, niko kwa balabala."

Nikamtazama Dada. Dada akatabasamu, kwamba ndiyo, Jumatano ataruhusiwa. Mimi fundi wa redio nilisikia hitilafu. Gali? Balabala? Maskini, ulimi wake umeharibika na hakuna aliyegundua!

Jioni Dada akatupakulia chakula, maana pale ndugu ndio wanaomlisha mgonjwa wao. Kila mmoja sahani yake: matoke na mchuzi wa karanga upande mmoja, nyama upande wa pili. Kisha akarudi nyumbani kwao Kyebando, akaniachia zamu. Siraje akala matoke yote, safi, kama aliyepima katikati kwa rula. Akaweka sahani. Nyama hakuigusa.

Sasa, kwetu mwenyeji akikuachia chakula sahanini mwake, na hasa nyama, hiyo ni heshima kwako mgeni. Kumuuliza "Hii je?" ni utovu wa adabu. Mimi sikuuliza. Niliila. Jumanne mchana akaniachia samaki, nikala. Jumanne jioni akaniachia tena nyama, nikajisemea kwamba dada yangu aliolewa na mtu muungwana kweli.

Jumatano asubuhi, tukiwa tunasubiri karatasi ya kuruhusiwa, akaja mwanamke mmoja mfupi mwenye viatu vya raba na ubao wa kuandikia. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya kurudisha uwezo wa mwili. Wote walimwita Musawo Nakato, musawo kwao ni daktari au mhudumu yeyote wa afya. Alikuwa anapita kitanda hadi kitanda, anapima kila mwenye kiharusi, anayelia na anayecheka.

"Kwangu hapana haja," Siraje akasema. "Mimi natoka leo."

"Ndiyo maana nakuja leo," akajibu. Akatueleza kwamba zamani walipimwa waliozidiwa tu, au wale ambao ndugu zao walipiga kelele. Wanaoonekana wazima waliambiwa wakapumzike nyumbani. Wakirudi baada ya miezi, bega limekauka au mtu ameungua jikoni, na wiki zile za mwanzo ambazo ubongo unafundishika vizuri zimeshapita. Nafasi za mazoezi ni chache. Anayepimwa mapema jina lake linaingia kwenye orodha mapema.

Niliposikia orodha, nikasimama. Mimi mtu wa kibarazani nikapata sauti ya mbunge.

"Musawo, mwandike huyu! Ulimi wake umekufa! Anasema gali! Anasema balabala!"

Musawo Nakato akaweka kalamu chini taratibu. "Siraje, sema balabala."

"Balabala."

"Sema gali."

"Gali."

"Ulimi yake iko sawa kabisa," akaniambia. "Mimi pia nasema gali. Wodi yote inasema gali."

Wodi yote ikacheka, na mzee wa kitanda cha dirishani akaanza kuita "Gali! Gali!" kama kondakta. Nikataka kujitetea kwamba mimi nimetoka Tanzania, najua Kiswahili, na kwa haraka na aibu nikasema nimekuja na basi "ra asubuhi." Sisi Wahaya nasi tuna yetu na hizo herufi mbili, r na l. Nyani haoni kundule. Dada akajifunika uso kwa kanga.

Musawo alisubiri kicheko kiishe. Kisha akauliza maswali yake mengine, lile la mwisho kama la kupitisha muda: "Chakula anamaliza?"

"Hapana," nikasema, nikiwa na hamu ya kumpamba shemeji baada ya kumharibia. "Ni muungwana sana. Kila mara ananiachia nusu."

"Nusu gani?"

Swali gani hilo? Nikafikiri. "Hii ya kushoto."

"Kira mara?"

"Kila mara."

Musawo hakucheka. Akatoa karatasi yenye vistari vingi vimetawanyika, akampa Siraje kalamu. "Kata kila mustari unaona." Siraje akakata haraka, kwa madaha, akarudisha karatasi. "Mimi namaliza."

Upande wa kulia vistari vyote vilikuwa vimekatwa. Upande wa kushoto hakugusa hata kimoja.

Musawo akamwomba Dada sahani ya chai ya asubuhi, ile yenye chapati na mayai. Siraje alikuwa ameshakula chapati. Musawo akaishika sahani ile na kuizungusha, polepole. Mayai yakahama kutoka kushoto kwenda kulia.

Siraje akayatazama. "Haya mayai yametoka wapi?"

Dada akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Yalikuwa hapa," Musawo akamwambia. "Macho yako ni mazuri. Kichwa ndiyo imesahau kushoto. Chakula ya kushoto, mutu ya kushoto. Na gali."

Kule wanaendesha kwa upande uleule kama sisi, na bodaboda hupenya popote, hasa kushoto, kati ya takisi na mtaro. Siraje aliendesha miaka ishirini, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Nilimwona akihesabu kichwani abiria kumi na wanne na pikipiki zile.

"Wiki kesho ningeua mutu," akasema.

Kisha akanigeukia, na hapo ndipo nilipojua kwamba atapona. "Lakini wewe! Umekula nyama yangu siku mbiri!"

"Shemeji, nilidhani ni heshima."

"Heshima gani! Na samaki?"

"Na samaki."

Hata Musawo Nakato alilazimika kugeukia dirishani. Aliporudi, aliandika jina la Siraje kwenye orodha, akampangia kuanza Alhamisi, na kabla hajaondoka akaninyooshea kalamu. "Wewe unakaa siku ngapi?"

"Tatu. Zimekwisha leo."

"Hapana. Wewe ndiyo mutu ya kushoto."

Nikawa mtu wa kushoto, mimi niliyetoka kwangu kwa kusukumwa. Kazi yenyewe ni hii: kila kitu kinachomhusu Siraje kikae kushoto, nami nikae kushoto, ili ubongo ulazimike kukumbuka kwamba upande huo upo. Kule Kyebando tulihamisha redio, kiti, kikombe, hata mswala wake. Dada alimfunga Siraje utepe mwekundu kwenye mkono wa kushoto, na kabla ya kila jambo ilimbidi autafute kwa macho. Asubuhi tatu kwa wiki tulikwenda kwenye mazoezi: kukamata mipira, kupanga vikombe, kusoma gazeti kuanzia mwanzo wa mstari na si katikati, kunyoosha bega lisikauke.

Haikuwa sherehe kila siku. Wiki ya kwanza aligonga mwimo wa mlango mara nyingi mpaka nikauonea huruma mwimo. Wiki ya pili alirusha mpira ukutani, akasema yeye si mtoto wa chekechea, hataki tena kufundishwa kushoto na mtu aliyeshindwa kuiona Ikweta. Nikamwambia anayo haki, ila mpira auokote mwenyewe. Ulikuwa umeangukia kushoto. Aliutafuta kwa muda mrefu, Dada akataka kumsaidia, nikamzuia kwa mkono. Akaupata. Akanitupia kichwani, na shabaha ilikuwa nzuri.

Wiki ya nne, Ijumaa, tulitoka msikitini tukakatiza sokoni Kyebando kwa miguu. Mimi nilikuwa nasimulia jambo, nadhani nilikuwa namweleza jinsi ninavyomfundisha vizuri. Ghafla kola ya shati langu ikavutwa nyuma, nikarudi hatua mbili kama mbuzi wa kamba. Bodaboda ikapita pale nilipokuwa nimesimama, imebeba magunia ya mkaa.

Ilikuwa imetoka kushoto. Na mkono ulionivuta ulikuwa wenye utepe mwekundu.

Tulisimama katikati ya wauza nyanya. Siraje aliutazama mkono wake, akautazama tena.

"Shemeji," akasema, "wewe kichwa yako nani anapima?"

Nilicheka mpaka muuza nyanya akatuuliza kama tunanunua. Siraje hakucheka. Alikuwa analia, amenyoosha kidole kushoto, anaita kimoja kimoja: "Nyanya. Mama. Mwavuli. Boda ingine. Mimi naona yote."

Jumatatu iliyofuata Musawo Nakato akampa karatasi ya vistari. Akavikata vyote, kuanzia kushoto, taratibu, bila madaha. Kuhusu usukani Musawo alisema bado, watampima tena kwa mtihani mwingine mgumu zaidi. Stendi ya Nateete ikampa kazi ya kupanga zamu za magari wakati huo. Hiyo nafasi asingeipata mtu aliyekauka bega nyumbani huku akiambiwa apumzike.

Jumatano nikarudi. Kwenye Ikweta nilikuwa macho. Ni mstari tu.

Mchana wa saa nane nilikuwa nafungua mlango wangu Bukoba, majirani wameshajaa wanataka habari. Nikawaambia nilichojifunza, kwamba mgonjwa anayesema amepona ndiye wa kupimwa kwanza, siku zilezile za mwanzo, na vitu vidogo vya mezani msivifanye adabu, mviseme kwa daktari. Wakacheka habari ya nyama. Mama Koku peke yake hakucheka.

"Baba yetu tangu jana mdomo umekwenda upande," akasema. "Lakini anatembea, anakula. Tukaona tumwache apumzike."

Nililiacha begi pale kibarazani, redio za watu zikinisubiri, nikamwambia aniongoze. Tulimkuta mzee anamenya ndizi, tukamnyanyua nazo.

"Siumwi mimi!" alilalamika njia nzima hadi hospitali.

"Vizuri, mzee wangu," nikamjibu. "Basi tumewahi."