Pawa Saplai Niliyoichagua kwa Macho

Nakumbuka Ijumaa moja ya msimu wa kahawa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipofungua na kufunga mlango wa darasa la kompyuta mara tano kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya wasichana kule Githongo, na mchana wa siku hiyo wazazi walikuwa wanakuja kuona kama mashine zetu zina faida yoyote. Mwanangu, umeniambia unataka kujiundia kompyuta ya michezo, ile kali kuliko zote, na umenitumia picha ya pawa saplai ya wati elfu moja ukiuliza kama inafaa. Nitakujibu. Lakini keti kwanza unisikilize, ingawa mimi mwenyewe ninavyokuandikia haya nimeshaamka kitini mara mbili. Jambo hili halijawahi kuniacha nikae kwa utulivu.

Kompyuta tulizokuwa nazo zilikuwa za msaada, kuukuu, na nusu yake haziwaki. Mwenyekiti wa bodi ya shule hakuzitaka. Alisema waziwazi kwamba wazazi wasiporidhika siku hiyo, chumba kitakuwa stoo na wasichana watarudi kwenye ushonaji. Mtu mwenye akili angewaonyesha wazazi barua zilizopigwa chapa vizuri, akamaliza. Mimi nilitaka wapigwe na butwaa. Nikatoa vipuri kwenye mashine zilizokufa, nikaunda moja yenye nguvu, nikaitilia kadi ya michoro na mchezo wa kurusha ndege juu ya milima. Na nisikudanganye, mchezo ule niliupenda mimi kuliko wasichana. Wakitoka kwenda kula, mimi nabaki hewani.

Shida ilikuwa moja. Ndege ikipaa, kompyuta inazimika. Pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea stima ya ukutani na kuigawia mashine nzima, ilikuwa dhaifu, haiwezi kulisha kadi mpya. Basi Jumamosi, wiki mbili kabla ya siku ya wazazi, nikashuka Meru mjini hadi duka moja la Majengo, jirani na wauza nyama. Mwenye duka aliniwekea mbili mezani. Moja ilikuwa imepauka, imeandikwa wati mia mbili, na kuiinua kulitaka mikono miwili. Ya pili iling'aa, ina feni kubwa, na ubavuni imeandikwa wati mia tatu na hamsini kwa wino mwekundu.

"Ningekuwa mimi, Mwalimu, ningechukua hii nzito," akaniambia taratibu. "Lakini mchaguzi ni wewe."

Nilishaitia ile nyepesi kwenye mfuko kabla hajamaliza kusema. Haraka haraka haina baraka, hilo nilikuwa nawaandikisha wasichana kwenye insha, lakini mwalimu naye husahau somo lake. Namba ilikuwa kubwa, na mimi nilikuwa nimeamini namba.

Sasa, ng'ambo ya barabara palikuwa na kiwanda cha kahawa, na fundi wa mitambo yake alikuwa Mzee M'Ikiara. Shule ilimwita kila taa au pampu ilipoharibika. Jumatatu alikuja kutengeneza swichi akanikuta nikifunga skrubu. Akaiokota ile pawa saplai, akaipimapima mkononi.

"Ticha, hii kitu ni nyepesi sana."

"Imeandikwa wati mia tatu na hamsini, Mzee."

"Imeandikwa," akasema. "Sisi kahawa ikielea kwa maji, hatuulizi imeandikwa nini. Tunajua ndani hakuna kitu. Na hiyo siku ya wazazi, saa tisa mimi nitawasha mota ya kumenya, maana kahawa ikishachumwa hailali. Mota ikiamka, stima ya hapa kwenu inashuka halafu inapanda. Hii yako itavumilia?"

"Mzee, hii si kahawa. Hii ni kompyuta."

Aliiweka chini polepole, akaendelea na swichi yake. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa, mwanangu. Nimekulia kwenye mistari ya mibuni, nimetoa punje zinazoelea kwenye karai tangu sijaota meno ya pili. Niliyajua aliyosema kuliko jina langu, na bado nikayakataa kwa sababu yametoka kwa mtu mwenye mafuta ya mota kwenye shati. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilikuwa linangoja Ijumaa.

Ijumaa yenyewe hotuba zikarefuka. Mwenyekiti akasema, kasisi akasema, mwenyekiti akakumbuka jambo akasema tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikihesabu dakika. Nilijua saa tisa inakuja. Ningeweza kuwaambia watu tufupishe, au tuonyeshe barua tu. Sikusema kitu. Wazazi walipoingia darasani ilikuwa saa tisa kasoro dakika chache, nikamkalisha kwenye mashine Kananu, msichana wa kidato cha tatu, mpole, mwenye mikono mizuri kuliko wote. Baba yake alisimama ukutani, koti la sufu limefungwa vifungo vyote katika joto lile, akimtazama binti yake kwa fahari ambayo hakuweza kuificha.

Ndege ikapaa. Wazazi wakasema "aah" kwa pamoja. Nikahisi jasho la furaha likinitoka mwilini. Kisha taa za dari zikafifia, ng'ambo mota ikaunguruma, taa zikarudi kwa nguvu, na nyuma ya kompyuta kitu kikalia, pa. Skrini ikawa nyeusi. Moshi mwembamba, harufu ya plastiki. Diski ilikufa papo hapo, na ndani yake kazi ya mwaka mzima ya wasichana thelathini.

Mwenyekiti akamwinamia Kananu. "Msichana, umegusa nini?"

Kananu akaniangalia mimi. Chumba kizima kikamwangalia yeye. Nilifungua mdomo, mwanangu, nikaufunga. Nilikuwa najua kilichotokea kuanzia kidole cha mguu hadi utosi, na sikusema. Ningesema, ningekubali kwamba niliambiwa na mtu wa kiwanda nikamdharau. Basi nikainama kuchomoa waya, nikajifanya nina shughuli. Na nikiwa nimeinama hivyo nikamsikia baba yake Kananu.

"Mtusamehe," alisema. Alikuwa amevua kofia. "Mtoto hajazoea vitu hivi. Ni makosa yetu."

Naona haya hadi leo kuandika sentensi hiyo. Mtu mzima alivua kofia yake kwa kosa langu, nami nikamwacha.

Jumatatu Kananu hakuingia darasa la kompyuta. Wenzake wakaniambia baba amemkataza kugusa mashine ya watu. Mchana akaja Mzee M'Ikiara na bisibisi yake, akaomba ile pawa saplai iliyoungua. Akaifungua juu ya dawati langu. Ndani ilikuwa karibu tupu, mwanangu. Vipande vichache vidogo, na matundu mengi mahali ambapo vipande vilipaswa kuwa. Nilidhani atanicheka. Hakucheka.

"Kununua vibaya ni kosa la sokoni," alisema. "Hata mimi nimenunua mbuzi mgonjwa hapo Laare nikimwona mzima. Hiyo inasameheka. Lakini Ijumaa nikishawasha mota nilikuja hapo dirishani kuangalia. Nilikuona. Ulinyamaza, mtoto wa wenyewe akabeba mzigo wako. Hiyo haikutoka dukani, ticha. Hiyo ni wewe."

Akafunga skrubu zote nne, akaondoka. Sikufundisha kipindi kilichofuata. Niliranda kutoka dirishani hadi mlangoni, nikijitungia maneno ya kujitetea, na kila nilipoyatunga yalikuwa ya mtoto mdogo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Saa kumi nikavaa viatu vya shamba nikaenda kwa kina Kananu.

Niliwakuta wakichuma, yeye na baba yake, vikapu kiunoni. Nikasimama pale katikati ya mibuni nikasema yote: duka, namba, onyo la Mzee M'Ikiara, kimya changu. Nikasema nitayarudia mbele ya bodi. Baba yake akaendelea kuchuma hadi tawi likaisha.

"Sawa, mwalimu," akasema mwishowe. "Atarudi."

Nikamgeukia Kananu kumwomba msamaha.

"Nilijua si mimi, ticha," alisema. "Nilisikia harufu inatoka nyuma kabla skrini haijazimika. Nilikuwa nangoja wewe useme."

Bodi ilinifokea vya kutosha, na haki yao, lakini chumba hakikuwa stoo. Labda mkosaji alipokuwa mwalimu, hawakupata sababu ya kuwaadhibu wasichana. Nilirudi Majengo kuchukua ile nzito, nikanunua na stabilaiza ya kutuliza stima, na kazi tukaipiga chapa upya. Kananu alirudi. Muhula uliofuata alinionyesha ukurasa alioupanga vizuri kuliko ninavyoweza mimi, nikamwambia ni kazi safi.

Akaniuliza kwa upole, bila ubaya wowote, "Ni kweli, ticha, au unasema tu?"

Mwanangu, deni hilo sijawahi kulilipa.

Basi sikia jibu lako. Usinunue wati, nunua pawa saplai. Jumlisha kwanza kadi yako ya michoro na prosesa vinakula kiasi gani, kisha ongeza nafasi ya kupumua, kwa sababu mchezo ukikolea mashine hushtuka kama mtu. Ukihitaji mia saba, elfu ya kweli si dhambi, lakini elfu ya uongo itakuunguzia kila ulichojinyima. Iinue kwa mkono wako. Uliza waliofungua ndani wameona nini. Muulize muuzaji kama ataipokea ikiharibika, na umtazame usoni anapojibu. Uliza pia jirani yako huwasha nini na saa ngapi, maana najua hapo Embu unapokaa kuna wachomeleaji vyuma mlango wa pili. Na mtu akikuonya, hata kama hajui kompyuta, usimpime kwa shati lake.

Hata ukifanya hayo yote, siku moja kitu kitaungua mikononi mwako na watu watamgeukia asiyehusika. Sema siku hiyohiyo, mbele ya walewale. Ukweli wa Ijumaa ukiusema Jumatatu utapokelewa, lakini hautakuwa na nguvu ileile.

Mungu akupe masikio mapana na ulimi usiochelewa. Akupe watu wa kukwambia ukweli, na wewe uwe mtu ambaye mtoto akisifiwa naye hahitaji kuuliza.